Diski Mpya kwenye Banda Letu la Gemu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefungua banda, nimefagia, nimefuta pedi zote mbili za kuchezea. Wateja wamekuja mapema. Shida ile ile: kabla ya mechi kuanza, duara linazunguka kwenye skrini mpaka watu wanatoka kununua mihogo. Wengine hawarudi. Kassim, mwenye banda la gemu Ruangwa, ana mashine mpya. Vijana wetu wakienda huko wanarudi wakitucheka: kule hata kukohoa huwahi, mechi imeshaanza. Imeniuma. Na Ijumaa, Nanenane, timu yake inakuja kucheza na wetu. Hapa kwangu.

Jumanne, 5 Agosti
Diski imefika kwa basi kutoka Dar. SSD. Nyepesi kama kitana. Ile ya zamani ina sahani ndani, lazima izunguke ndipo isomwe. Hii haina kinachozunguka, ndiyo maana haichelewi. Simu nimetengeneza miaka. Mashine ya gemu sijawahi kuifungua. Dada yangu Fatuma, tunayeendesha naye banda, hataki niiguse.
"Mashine yenyewe moja, Rehema. Ukiiua, tunakula nini?"
Hajakosea.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeifungua asubuhi. Skrubu zimetoka bila tabu, diski imekaa. Naanza kuweka programu, umeme ukakatika. Uliporudi, skrini nyeusi. Fatuma kwenye benchi, anahesabu chenji za jana. Bora angegomba. Nikaitoa diski, nikairudisha, nikaanza upya. Mchana ikawaka. Tukaweka gemu ya mpira. Duara likazunguka kidogo tu, uwanja huo! Fatuma alipiga vigelegele mpaka muuza viazi jirani akaja kuuliza nani anaolewa.
Najivunia. Naandika tena: najivunia.

Ijumaa, 8 Agosti
Banda limejaa. Wa kutoka Chiola na Nambambo waliokuja mjini kwa sikukuu wamesimama madirishani. Kassim aliketi mbele, tayari kucheka. Mechi ikaanza kabla hajakaa sawa. Akageuka.
"Mmenunua mpya?"
"Ile ile," Fatuma akasema. "Mdogo wangu kaifungua mwenyewe."
Kwa sauti. Mbele ya watu wote.
Kassim alisema yake bado inawahi zaidi, maana imeundwa kwa diski za namna hii tangu kiwandani, na gemu zijazo hazitakuwa na kusubiri kabisa. Ni kweli, sikubishana. Kisha akashusha sauti: "Dada Rehema, ninayo ya zamani kabatini, na diski ya kuweka. Utanifanyia?" Nimekubali palepale.
Tulifungwa. Vibaya. Vijana wamenuna, mimi nimeshindwa kununa.

Jumapili, 10 Agosti
Tumekwenda Ruangwa, mimi na Fatuma. Nimeifungua mashine ya Kassim watu wamenizunguka. Hakuna aliyeuliza kama naweza. Ilipowaka walipiga makofi, na Kassim alipiga zaidi yao.
Tumerudi jua bado lipo. Ugali na kisamvu. Mgongo unauma. Nilikuwa barazani nafuta vumbi kwenye bisibisi zangu, Fatuma akaja, akakaa. Akaokota ile ndogo, akaigeuzageuza. Akauliza, bila kunitazama, inashikwaje.
Nikamsogelea.