Teki ya Saba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe? Wifi na watoto nao hawajambo? Sisi huku tunapumua. Goti la baba limepungua uvimbe, na cherehani bado anagombana nayo kila asubuhi. Uliniuliza kwenye simu kama uliyoyasikia kuhusu yule mwimbaji, Sauti ya Asali, ni kweli. Ni kweli, ila mengine hayasemeki kwa simu.

Unakumbuka alivyokuwa akija kupimwa suruali, wakati hata majirani zake hawajui kama anaimba. Alikaa kwenye benchi akimsikiliza baba akiimba nyimbo zake huku anapiga pindo. Baadaye zikatoka redioni, mtunzi yeye. Baba alipomfuata ukumbini kumwuliza, amevaa koti lake la heshima, yule bwana alicheka mbele ya watu akasema mzee akili zimemruka, apewe maji arudi nyumbani. Wewe ulikuwa umeshasafiri. Mimi, na sare yangu ya shule, ndiye niliyemshika baba mkono kumtoa nje. Miaka minane ameshona kimya. Mimi nikameza, lakini sikusahau.

Mwezi uliopita akaja studio kwetu. Hakunitambua, aliona fundi mitambo tu. Alileta wimbo mpya, na mstari wa kwanza tu nikaujua: ule ambao baba alimwimbia mama siku zake za mwisho.

Nikueleze kidogo mashine yetu. Sauti ya mwimbaji ina njia yake, na njia hiyo ina nafasi nane. Akikosea hatufuti, tunahamia nafasi inayofuata, anaimba tena. Kila mara ni teki moja. Zote zinakaa humo, ila inayosikika ni ile uliyoichagua wewe. Kazi yangu ni kujua ipi ni ipi.

Teki ya kwanza alikohoa. Ya pili alipanda juu mno, ya tatu akasahau maneno. Ya nne alikatisha baada ya ubeti mmoja, akidhani nimeshazima, akamgeukia mpiga gitaa wake: "Huu nao nimeuokota kwa yule mshona suruali. Mzee anatunga, mimi nakula." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Nikakiondoa taratibu. Alirudia mpaka ya nane, tukafunga kazi.

Jumamosi mchana aliwaita watangazaji na waandishi ukumbini wausikie wimbo. Mashine nilikaa nayo mimi. Baba nilimwambia anisindikize tu, nikamkalisha nyuma. Nikachagua ya nne. Ubeti ukapita, watu wanatikisa vichwa, kisha yakaja maneno yale na kicheko chake. Wakageuka wote kumtazama.

Aliruka kitini akapiga kelele kwamba si hiyo, niweke ya saba, niwaambie watu kuhusu ya saba. Nikasimama, nikasema mimi ni binti wa huyo mshona suruali, na nafasi ya saba ni tupu, anayebisha aje aangalie. Mtangazaji mmoja akaja kweli, akaangalia, akawatangazia wenzake kwamba ni tupu. Hapo ndipo walipoanza kumzomea, mpaka akatokea mlango wa nyuma.

Siku ya pili yake alikuja dukani kwa baba. Alipiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, akasema alikwisha kuomba radhi studio, kwenye teki ya saba. Baba alimtazama sana, kisha akamwuliza kama amekuja kuchukua nguo au kuleta. Akasema hapana. Basi apishe, baba akamwambia, wateja wanasubiri. Kaka, siku hiyo hata maji yalikuwa matamu.

Sasa nisikilize, hili sijamwambia mtu. Teki ya saba ilikuwepo. Alimtoa mpiga gitaa nje, akasimama mbele ya maiki ameinamisha kichwa, akasema: "Wimbo huu, na zangu zote za mwanzo, ni za mzee mshona nguo. Nilimdhalilisha mbele za watu. Mzee, nisamehe." Kisha akauimba vizuri kuliko mara zote. Aliniomba nipige hiyo ukumbini. Ya nane ilikuwa ya tahadhari tu. Alipoondoka nikaifuta ile ya saba. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Sikutaka atoke kwa miguu yake. Nilitaka atolewe, kama alivyomtoa baba.

Jana baba aliniuliza, bila kuinua macho, kama yule bwana aliwahi kweli kuomba radhi. Nikamjibu kwamba hakuwahi, hata mara moja. Akakata uzi kwa meno, akasema alidhani hivyo, lakini alitamani iwe kweli.

Wewe ndiye mkubwa. Ukija, ukimwambia baba sitakuzuia. Ila usiniulize kama najuta: ule ukumbi bado nausikia ukizomea, na bado nausikia kwa raha.

Mfikishie wifi salamu zangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi