Kompyuta Nyepesi ya Koku

Jumapili jioni

Kumbe miezi mitatu yote hii binti yangu Koku alikuwa ananificha. Ile kompyuta ya mkononi niliyomnunulia kwa kahawa ya msimu mzima inaisha chaji na kuzimika kabla ya saa tano asubuhi. Kule Mabira anakofundisha umeme ukikatika ndiyo basi, mwalimu mzima anajaza matokeo kwa kalamu.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Mama, ulishawatangazia wanawake wote wa jumuiya kwamba ni nyepesi kama sahani."

Ni kweli. Niliwapa waibebe kwa vidole viwili. Hata dukani niliichagua kwa wepesi huo huo, mimi ambaye kila msimu naosha kahawa kwenye beseni na inayoelea naitenga, maana najua ndani ni tupu.

Nilipomwambia hivyo Koku alicheka, nami nikacheka.

Kesho tunairudisha, tuombe nzito inayokaa na chaji. Wakikataa, sijui...

Jumuiya nitawaambia mwenyewe. Nitawaambia pia nina binti aliyevumilia miezi mitatu ili mama yake asiaibike. Wao wanaye wa hivyo?