Bega la Mkwe Lisilolia

Old Moshi, Jumapili, mvua haikatiki

Dada Vero, shikamoo. Ile posa ya mwanao nusura ikwame begani. Mbege, pombe yetu ya ndizi, tuliifikisha salama, lakini huku haonji mtu kabla baba wa binti hajainua kata, na mzee huyo, mkwe wako, aliamka bega la kulia limekaza baada ya kupogoa kahawa. Mkono wa kushoto akaukataa katakata: "Nimtoe binti yangu kwa kushoto?"

Tukamteremsha mjini kwa mama mmoja mtaalamu wa viungo. Akalisogeza lile bega polepole, kama anayebembeleza mtoto, mpaka mkono ukapanda. Mzee hakufurahi.

"Mbona mfupa haujalia?"

"Baba, hakuna mfupa uliotoka," mama akamjibu. "Nikikisogeza kiungo, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo, nao unapunguza maumivu. Nafuu hii ni ya muda tu, kwa hiyo endelea kuutumia mkono."

Dada, ameutumia! Kata ya kwanza ikapita, posa ikakubaliwa. Kufikia ya tano alikuwa anawaambia wageni kwamba mfupa ulirudi "Kwaa!" ukasikika mpaka Sanya Juu. Yule mama, ambaye tulimwalika, alikaa kando yake akinywa supu yake ya mtori.

Tunakukumbuka kila sufuria ya ndizi ikifunuliwa. Pole na hiyo shingo yako inayouma. Mkwe anasema uje nayo harusini: mama ataisogeza, mlio atautoa yeye.

Mdogo wako,
Kasto