Pascal, C++ au Python: Kikao cha Kuchagua Lugha ya Darasa

CHAMA CHA WAPENZI WA KOMPYUTA, SHINYANGA MJINI

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1998, ghorofani kwa Ndugu Hozefa. Kilitangazwa kuanza saa 8 mchana, kikaanza saa 9:20, umeme uliporudi.

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Hozefa – Mwenyekiti, mwenye duka la fotokopi na kupiga chapa hapo chini
2. Ndg. Amosi – Mweka Hazina, karani mstaafu wa ushirika wa pamba
3. Mwl. Serafina – mwalimu wa hesabu sekondari, na wa darasa letu la kompyuta tangu Mzee Liaquat alipoanza kuugua
4. Ndg. Donatus – mwanachama, amerejea kutoka Geita mwezi Septemba
5. Mama Dolatkhanu (Mama Gulnaz) – mlezi wa Chama, mjane wa mwanzilishi wetu, marehemu Mzee Liaquat
6. Bw. Sanket – mgeni mwalikwa, mwanafunzi wa chuo huko Nairobi, yuko likizo
7. Apolonia – Katibu

WASIOHUDHURIA
Ndg. Athanas – kwa taarifa, yuko Buseresere anatengeneza jenereta
Bi. Melania – bila taarifa

KUMB. NA. 1/12/98: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwasalimu wajumbe na kuwaomba wasiseme marefu, kwa kuwa Mama Gulnaz ana mizigo ya kufunga. Ndipo wajumbe walipojua kwamba Mama anaondoka Jumanne kwa treni, na kutoka Dar es Salaam ataendelea kwa binti yake Gulnaz huko Kanada. Mwl. Serafina aliuliza kwa nini Chama hakikuambiwa mapema. Mama Gulnaz alijibu kwamba angesema mapema wangeanza kumuaga mapema, naye hana nguvu ya kuagwa mara nyingi. Mwenyekiti aliomba ajenda iendelee.

KUMB. NA. 2/12/98: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa na kuthibitishwa, isipokuwa Ndg. Amosi alipinga sentensi isemayo kwamba "Mweka Hazina alisinzia." Alieleza kwamba alikuwa anatafakari. Baada ya majadiliano ambayo Katibu hakuona haja ya kuyaandika, sentensi ilibadilishwa kuwa "Mweka Hazina alifumba macho."

KUMB. NA. 3/12/98: TAARIFA YA KULINGANISHA LUGHA TATU

3.1 Mwenyekiti alikumbusha kwamba darasa litafunguliwa tena Januari. Kompyuta nzima ni moja, na jioni za darasa ni chache, hivyo wanafunzi hawawezi kufundishwa lugha tatu za programu kwa pamoja. Ndiyo maana watu watatu walipewa kazi ileile waiandike kila mmoja kwa lugha yake: Mwl. Serafina kwa Pascal, Ndg. Donatus kwa C++, na Bw. Sanket kwa Python, lugha mpya aliyokuja nayo kwenye disketi.

3.2 Ndg. Amosi aliuliza kama ni kweli Bw. Sanket aliruhusiwa kuitumia kompyuta kila siku kwa sababu baba yake ndiye mwenye nyumba ya Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema hilo si swali la lugha za programu.

3.3 Mwl. Serafina aliwaeleza wasiojua. Alisema kuna mitindo mbalimbali ya kuandika programu. Upo wa hatua kwa hatua, kama kumwelekeza mtu njia: fanya hiki, kisha kile. Upo wa vitu, ambapo kila kitu ndani ya programu kinatunza habari zake na kujua kazi zake, kama watu katika ofisi. Na upo wa fomula, ambapo orodha inaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili imebadilika, kama pamba kwenye jineri, mashine ya kuichambua. Lugha nyingine hulazimisha mtindo mmoja tu. Hizi tatu zinamwachia mwandishi achague au achanganye, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

3.4 Kazi yenyewe ilikuwa kupanga msimamo wa ligi ya timu za machimboni na mjini, ile inayochezwa na Songwa, Nyarugusu, Buseresere na wenzao. Programu zote tatu zilikuwa zimekamilika. Kisha timu ya Nyarugusu ikajitoa katikati ya msimu. Wachezaji wake wote ni wachimbaji. Iliposikika kuna rashi, dhahabu mpya inayokimbiliwa kwingine, waliacha maduara yao ya kuchimbia wakaondoka na golikipa, kocha na mpira. Matokeo yote ya Nyarugusu yakafutwa. Mwenyekiti aliona hicho ndicho kipimo hasa: programu ipi inabadilika bila kumtesa mwenyewe?

3.5 Matokeo yalikuwa hivi. Pascal ya Mwl. Serafina ilibadilishwa kwa kazi ya jioni moja. Wajumbe walishangaa kuona ameiandika kwa mtindo wa vitu, kila timu ikitunza mechi zake, wakati miaka yote amekuwa akisema vitu ni mbwembwe. Mwalimu alisema mtu ana haki ya kusoma.

Python ya Bw. Sanket ilibadilishwa kwa mstari mmoja: chukua mechi zote ambazo Nyarugusu haimo. Lakini kompyuta yetu ni ya zamani na kumbukumbu yake ni ndogo. Programu ilipoanza kufunguka, Ndg. Amosi alimimina chai, akainywa, akamimina tena.

C++ ya Ndg. Donatus ndiyo iliyokwenda kasi kuliko zote, kisha kompyuta ikaganda. Ikawashwa, ikaganda tena.

3.6 Ndg. Donatus alieleza sababu. Katika C++ mwandishi mwenyewe ndiye anayetoa na kufuta nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine. Aliifuta timu ya Nyarugusu, lakini mechi za timu nyingine bado zilikuwa zinaelekeza pale ilipokuwa. "Timu haipo," alisema, "ila wenzake bado wanaitafuta mahali pake pa zamani. Wakifika pale hawakuti kitu, ndipo mashine inapochanganyikiwa."

Mama Gulnaz alisema, "Ndivyo ilivyo." Hakuulizwa anamaanisha nini.

KUMB. NA. 4/12/98: MAJADILIANO

4.1 Ndg. Donatus alipendekeza C++. Alisema katika kambi ya utafiti wa madini alikofanya kazi hakuna aliyewahi kumwuliza kuhusu Pascal. Vijana wanaotoka hapa wanatafuta kazi, na C++ inawapa mitindo yote mikubwa ndani ya lugha moja na kasi juu yake. Aliongeza kwamba kuendelea na Pascal ni kufundisha jembe la mkono wakati trekta limefika.

4.2 Mwl. Serafina alijibu kwamba trekta hilo lilizimika shambani na Katibu alishuhudia. Katibu alipoulizwa alithibitisha. Mwalimu aliendelea kwamba lugha inayomruhusu mwanafunzi kila kitu haimfundishi kuchagua. Pascal inamkemea mapema, kabla programu haijaanza. C++ inamnyamazia mpaka aharibikiwe. Alikumbusha kwamba Ndg. Donatus aliondoka hapa kwenda Geita akijua Pascal peke yake, na ndiyo iliyompatia hiyo kazi.

4.3 Ndg. Donatus alisema kazi yenyewe haipo tena. Kampuni ilifunga kambi, watu wakarudishwa makwao. Alisema, na akaomba iandikwe, kwamba hakuja kumnyang'anya mtu darasa, lakini naye ana mikono na hana pa kuiweka.

4.4 Mwl. Serafina aliomba na maneno yake yaandikwe kama yalivyo. "Mimi nafundisha hesabu asubuhi watoto themanini chumba kimoja, hawanisikii wala siwaoni. Jioni nakuja hapa, watu sita, wananiuliza maswali. Mkilichukua darasa hili nitakuwa nakwenda wapi jioni?"

4.5 Mwenyekiti aliomba wajumbe waheshimiane, ingawa hakuna aliyekuwa amemvunjia mwenzake heshima wakati huo. Bw. Sanket aliomba radhi kwa kuleta disketi. Aliambiwa hana kosa.

4.6 Ndg. Amosi alishauri lugha zote ziachwe, darasa liwe la kupiga chapa tu. Hakuungwa mkono.

KUMB. NA. 5/12/98: MANENO YA MLEZI

5.1 Mama Gulnaz aliomba ruhusa ya kusema. Alieleza kwamba kompyuta ya kwanza ya Mzee ilipofika iliwekwa sebuleni kwake, juu ya meza ya kulia chakula, na familia ikawa inakula jikoni. Herufi zake zilikuwa za kijani. Gulnaz alikuwa anasema nyumba inanuka plastiki mpya kama ndani ya gari. Jioni Donatus alikuwa anakuja na shati la shule, na Serafina anakuja na baiskeli ya kaka yake, na mbele ya mashine kulikuwa na kiti kimoja.

5.2 "Baba Gulnaz hakutaka wagombane," alisema Mama. "Mmoja anakaa anaandika, mwingine anasimama nyuma anamsomea. Akikosea, huyu wa nyuma anamwambia. Halafu wanabadilishana. Mimi nakaanga mihogo, nawasikia: 'Umesahau nukta-mkato.' 'Sijasahau.' 'Umesahau, tazama.' Halafu Baba Gulnaz anacheka. Mimi sikujua nukta-mkato ni nini. Nilidhani ni mtu."

5.3 Wajumbe walicheka, Mwl. Serafina na Ndg. Donatus wakiwemo. Mwl. Serafina alikumbusha usiku umeme ulipokatika wakiwa karibu kumaliza programu ya kalenda, na Mzee akawaambia waiandike upya kwa kichwa, gizani, kila mmoja akisema mstari wake. Ndg. Donatus alisema mistari mingine bado anaikumbuka, akaitaja miwili. Mwl. Serafina alirekebisha wa pili. Ndg. Donatus alisema ulikuwa sahihi. Mwl. Serafina alisema haukuwa sahihi hata wakati ule.

5.4 Baada ya hapo Ndg. Donatus alisema kuna jambo ambalo hakuliweka kwenye taarifa yake. Kosa la C++ hakuligundua peke yake. Alipokuwa amekata tamaa, Mwl. Serafina alipita kuchukua mwavuli wake, akamkuta ameshika kichwa. Hakumcheka. Alisimama nyuma ya kiti akaanza kumsomea programu mstari kwa mstari, ingawa lugha yenyewe haijui vizuri, akafika mahali akauliza, "Hii hapa inamwelekea nani?" Ndipo Ndg. Donatus alipoliona kosa, akalirekebisha, na C++ ikatoa msimamo wa ligi ulio sawa na wa wenzake.

5.5 Mwenyekiti alimwuliza Mwl. Serafina kwa nini hakulitumia jambo hilo kwenye majadiliano, maana lingemsaidia. Mwalimu alijibu kwamba hakuja kushinda kwa namna hiyo. Alisema pia, kwa sauti ya chini lakini Katibu alikuwa karibu, kwamba jioni ile ilikuwa nzuri.

KUMB. NA. 6/12/98: MAAZIMIO

6.1 Ndg. Donatus aliondoa pendekezo lake la kuanza na C++. Alisema asiyejifunza kwanza kuhesabu vitu vyake hapaswi kupewa ufunguo wa ghala.

6.2 Mwl. Serafina alisema hapendi azimio la kuhurumiana. Alipendekeza mwanafunzi aanze na Pascal, kwanza hatua kwa hatua kisha kwa vitu. Na akishaelewa vitu aende C++ kwa Ndg. Donatus, ambako atakuta vitu vilevile vikiwa na makali zaidi. Alisema mitindo ndiyo inayofundishwa. Lugha ni mahali pa kuifanyia mazoezi. Ndg. Donatus aliunga mkono. Aliomba awe anahudhuria madarasa ya Pascal pia. Mwalimu alisema mlango haufungwi.

6.3 Kikao kiliazimia hivyo. Ndg. Amosi aliomba iandikwe kwamba hakukubali wala hakukataa.

6.4 Kuhusu Python, wajumbe waliona ni nyepesi kusomeka kuliko zote na inaunganisha mitindo yote bila kelele, lakini mashine yetu haiiwezi na anayeijua anarudi Nairobi. Ndg. Donatus alisema haoni nani atakuja kuihitaji. Iliamuliwa disketi zake zitunzwe kabatini.

KUMB. NA. 7/12/98: KUMUAGA MLEZI

7.1 Mwenyekiti alimshukuru Mama Gulnaz kwa niaba ya Chama. Alikuwa ameandaa hotuba lakini alisoma mwanzo wake tu, akaikunja. Mama alirudisha shukrani kwa Kisukuma, "Wabeja kulumba," na wajumbe wote wakaitikia, hata Bw. Sanket asiyeijua lugha hiyo.

7.2 Alipoulizwa kama ana ombi lolote, Mama Gulnaz alisema miaka yote hiyo hajawahi kugusa kompyuta. Ya Mzee ilikuwa inafunikwa kitambaa, naye alikuwa anafua kitambaa tu. Angependa aandike kitu kimoja kabla hajaondoka.

7.3 Mwl. Serafina na Ndg. Donatus walisimama kwa pamoja kumpisha kwenye kiti. Kilizuka ubishi mfupi. Mwl. Serafina alisema kwa Pascal inabidi kwanza iandikwe programu nzima, Ndg. Donatus alisema kwa C++ ni hivyohivyo na zaidi. Bw. Sanket alisema Python inaweza kuulizwa neno moja na ikajibu papo hapo, kama mtu. Wote wawili walikubali. Ilifunguliwa, na safari hii hakuna aliyelalamika kwamba inachelewa.

7.4 Mama Gulnaz aliuliza aandike nini. Bw. Sanket alimwambia hesabu yoyote anayotaka.

7.5 Mama alivaa miwani. Alitafuta tarakimu moja moja kwa kidole, akaandika 1998. Aliuliza alama ya kutoa iko wapi, akaonyeshwa. Kisha akaandika 1957. Alieleza kwamba ndio mwaka alioshuka kwenye treni hapa Shinyanga akitokea Tabora, bibi harusi, hajui hata nyumba ya mume iko upande gani wa stesheni. Alibonyeza.

7.6 Kompyuta iliandika 41.

7.7 Mama Gulnaz aliitazama kwa muda. Alisema, "Kumbe ni mingi hivyo."

KUMB. NA. 8/12/98: KUFUNGA

Mwenyekiti hakuuliza kama kuna mengineyo. Wajumbe walibaki wamesimama nyuma ya kiti mpaka Mama mwenyewe alipoondoka mezani, saa 11:35 jioni, na kikao kikawa kimekwisha hapo.

.................................
Hozefa
MWENYEKITI

.................................
Apolonia
KATIBU