Chupa Chini ya Jiwe Namba Kumi na Saba

Nyumba ya Nne,
Mtaa wa Karakana.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Injinia,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za huko? Wifi hajambo? Watoto je? Na mgongo wako umepona, au bado unanyanyua mizigo kama kijana wa miaka ishirini? Sisi huku wazima. Mimi goti la kushoto linanisumbua ninapopanda ngazi za chumba cha habari. Shemeji yako anasema ni uzee. Nimemwambia aanze yeye. Mama hajambo. Presha imeshuka, macho yanaona, na mdomo unafanya kazi ya watu watatu.

Ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la familia niliusikiliza mara mbili. Ulisema, "Mama ametuuza." Mama naye aliusikiliza, mara moja. Akalaza simu kifudifudi mezani, akaendelea kuchambua maharage. Leo ni siku ya kumi na moja hujapiga. Nakuandikia kwa sababu mimi nilikuwepo, na wewe umepewa habari na watu ambao hawakuwepo.

Kwanza hali ya mji. Kura ni tarehe 30, na swali ni moja tu: jimbo letu lijitenge au libaki. Kinyozi wa kona amebandika "Ndiyo" juu ya kioo kimoja na "Hapana" juu ya kingine, mteja achague kiti. Hoja zipo pande zote mbili. Mabehewa hamsini na mawili ya shaba hupita nyuma ya nyumba yetu kila siku. Nimekaa dirishani nikayahesabu. Mashine ya eksirei ya hospitali imefunikwa shuka huu mwaka wa tatu. Wanaokasirika wana haki ya kukasirika. Lakini maji tunayokunywa yanatoka nje ya jimbo, umeme pia, na nusu ya wachimbaji wamezaliwa huko. Shemeji yako ni wa huko. Mimi nitapiga Hapana, na hilo unalijua. Mama ni Ndiyo tangu wewe hujaota ndevu. Hilo la Mama liweke kichwani unaposoma yanayofuata.

Shimo jipya la shaba, lile kubwa ambalo watu wa Ndiyo wanasema ndilo litakaloilisha nchi mpya, liko kando kabisa ya mpaka wa jimbo. Tume ya mipaka ilitaka kujua liko upande gani. Katika wapima ardhi walioweka yale mawe ya mpaka miaka thelathini na minane iliyopita, aliyebaki hai ni Mama peke yake, na daftari lake la vipimo analo kabatini, chini ya mashuka. Wakamwita. Mhariri wangu alinikataza kuandika habari hiyo kwa kuwa inamhusu mama yangu, na alikuwa sahihi. Nilikwenda kama dereva wake.

Jiwe namba kumi na saba tulilikuta ng'ambo ya shimo, kwa hiyo shimo lote likawa letu. Mwenyekiti wa Ndiyo, yule tunayemwita Tarumbeta, alikuwa ameshaanza kupeana mikono na watu. Mama alilizunguka jiwe mara moja, akapitisha kidole kwenye saruji.

"Jiwe ni langu," alisema. "Mahali si pake."

"Mama Nukta, jiwe limekaa hapa miaka yote," Tarumbeta akasema.

"Limekaa hapa tangu mvua za mwaka huu. Chimbeni chini yake."

Wakachimba mita nzima. Udongo mtupu.

Hapo ndipo alipowaeleza jambo ambalo sisi tumelisikia tangu utotoni na hatukulitilia maanani. Wapima wa wakati wake walikuwa wakifukia kitu kisichooza chini ya kila jiwe, mara nyingi kioo, ili jiwe likiondolewa mahali pabaki panajulikana. Aliyelihamisha hili alilinyanyua kwa kreni, zima, na saruji yake, bila mkwaruzo. Kazi safi ya watu wa mitambo. Hawakujua tu kwamba jiwe lina mwenzake chini.

Kisha akapima. Alianzia kwenye alama ya msalaba iliyochongwa mwambani, akaenda pembe ya nyumba ya zamani ya pampu, akarudi. Saa mbili juani, na ana miaka sabini na moja. Kiti alikikataa. Kijana mpimaji wa tume alikuja na chombo chake cha setilaiti, Mama akamwambia, "Wewe fuata chombo chako, mimi nifuate daftari langu, tutakutana." Walikutana. Walipishana kiganja kimoja, mita mia sita na arobaini kutoka lilipo jiwe, upande wetu wa shimo.

Kabla jembe halijagusa ardhi, alifungua ukurasa wa thelathini na moja akasoma kwa sauti: "Jiwe namba kumi na saba. Chini: chupa moja ya kahawia, ya dawa ya kikohozi."

Tarumbeta akacheka. "Kikohozi cha nani tena, Mama?"

"Cha mwanangu wa pili, huyo injinia. Alikuwa na miaka mitatu. Niliondoka nyumbani na chupa tupu mfukoni bila kujua."

Kwenye sentimita themanini ikaonekana. Ya kahawia, kitako juu, haina hata ufa. Mjumbe wa Hapana akaanza kupiga makofi, Mama akamgeukia: "Usinipigie makofi, mimi si mwenzako. Mimi ni Ndiyo."

Shimo si letu, basi. Tarumbeta alimuuliza nchi mpya itakula nini. Mama akajibu kwamba swali hilo ni zuri, na wangeliuliza kabla ya kukodi kreni.

Yaliyofuata umeyasikia. Geti limeandikwa "msaliti" kwa rangi nyekundu. Fundi cherehani wa jirani haitikii salamu. Jumamosi Mama alikwenda kwenye mkutano wa Ndiyo kama kawaida, akakaa safu ya mbele. Mwanzoni viti vitatu kila upande wake vilikuwa vitupu. Mkutano ulipokwisha kilikuwa kimebaki kimoja, nacho kilikuwa na mkoba wake.

Nilimuuliza njiani kama bado atapiga Ndiyo. "Nchi inapigiwa kura," alisema. "Jiwe halipigiwi. Na endesha polepole, hii gari si ya ofisini kwenu."

Sina kawaida ya kusifia watu wa nyumbani. Kwa miaka ishirini na sita nimewaona wakubwa wakiombwa neno moja la kweli linalowaumiza wenyewe, wakaagiza maji ya kunywa. Mama yetu hakuagiza maji. Wachimbaji walisimama ukingoni mwa shimo wakimtazama, na mmoja aliniuliza yule mama ni nani. Nilimjibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba ni mama yangu. Ni wako pia.

Humu kwenye bahasha kuna nakala ya ukurasa wa thelathini na moja. Tazama chini kabisa, baada ya namba zote, penye nafasi ya kuandika hali ya hewa. Ameandika: "Jua kali. Upepo kidogo. Mtoto amelala bila kukohoa."

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na umwambie binamu fundi saa kwamba saa ya ukutani aliyoituma inakwenda vizuri, inawahi dakika nne tu. Mungu awalinde huko ugenini na awape riziki isiyo na majuto.

Jambo la mwisho. Kila Jumapili saa kumi jioni Mama hukaa kwenye kiti cha karibu na simu. Anasema anasubiri taarifa ya habari. Taarifa ya habari ni saa mbili usiku.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nisiyekuficha kitu,

Dada Mkubwa