Simu Yako Ilibaki Kwangu

Hamisi, ndugu yangu,

Kitanda chako wamempa Mnepali. Ni mpole, tunasalimiana kwa kuinua mkono, basi. Tangu uondoke, Kiswahili chumbani humu nakisema nikijikwaa kidole tu.

Nina kosa la kukuambia. Unakumbuka tuliponunua zile simu, duka moja, zote nyeusi? Ulizunguka kabati lote la vioo ukilalamika. "Wafula, hawa wanaigana tu. Ukifuta jina mgongoni, hujui ipi ya kampuni gani." Ukafungua boksi, halina kichwa cha chaja. Ukageuza simu, haina tundu la hedifoni. Ulibishana na muuzaji mpaka akasema khalas, yaishe, akatupatia kava za bure. Nazo nyeusi, zimefanana.

Ulipoanguka pale getini kazini, Jebel Ali, na hospitali wakasema ni moyo, nilitumwa nifungashe vitu vyako. Binamu yako alikuwa anasafiri na mwili wako siku ileile. Nikakunja nguo, nikaweka msala wako, kofia, simu. Begi lilipokwisha kuondoka ndipo nikaweka kidole kwenye simu iliyobaki. Ikakataa. Nikafuta kidole kwenye suruali. Ikakataa tena.

Hamisi, nilikuwa nimewapelekea yangu.

Namba zote zilikuwa mle, hata ya mama kule Kitale. Yako siwezi kuifungua. Sikuwa na wa kumpigia. Nilichoweza ni kuhakikisha haizimiki, pengine mtu angepiga. Na ule waya wako, unaujua mwenyewe, hauchaji mpaka uukunje na kuukandamiza. Niliuwekea kiatu cha kazi juu.

Siku ya nne, Ijumaa mchana, ikalia. Kioo kimeandika Mama Nasra.

"Shemeji," nikasema, "ni Wafula."

 

"Nimeiweka simu yake hapa kitandani," akasema mkeo, "nikapiga nisikie inavyolia. Haikulia. Umepokea wewe."

Nilimweleza yote. Nikaomba msamaha, nikasema nitampa mtu anayesafiri amletee. Hakukasirika. Nilimpa namba ya siri ya simu yangu, akaifungua, akanisomea namba ya mama polepole, mara mbili. Kisha akasema, "Sasa nakata, napiga tena. Usipokee, shemeji. Iache iite."

Ikaita. Nilikaa nayo mikononi, ule mlio wako wa jogoo niliokuwa nakugombeza kwa ajili yake, mpaka ukaisha. Mnepali alinitazama, akavaa ndala, akatoka nje akaniachia chumba.

Tangu hapo shemeji anapiga kila Ijumaa. Sipokei. Hatujawahi kulizungumzia.

Nimeomba likizo, msimamizi amekubali. Simu sitampa mtu. Nitashuka Tanga kwanza kabla ya kwetu, nifike Muheza, nimkabidhi Mama Nasra mkononi. Halafu nitakaa na Nasra. Ulipokuwa unaongea naye ulijifanya huchoki, unacheka sana, na ukikata unajilaza chali na viatu vyako miguuni. Mimi nilikuona. Nakuahidi nitamwambia jinsi baba yake alivyokuwa anachoka, na jinsi alivyoamka kila siku akaenda kazini kwa sababu yake.

Pumzika sasa, Hamisi. Hakuna zamu huko.

Wafula