Jina Alilotoa Muhoza

Iroquois, Louisville,
Kentucky.
14 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Leya,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Buffalo. Magoti yanasemaje na baridi hii iliyoanza? Olivier na mkewe hawajambo? Na malkia wetu mdogo, binti yao Ingabire, ananyonya vizuri? Hilo la mwisho nauliza kwa moyo wote, nawe utaona kwa nini. Ningepiga simu, lakini ningelia tu na usingeelewa neno.

Shangazi, Muhoza wangu anaumwa. Tuliporudi kutoka kwenye sherehe ya Ingabire huko Columbus alishikwa na homa, na ilipopoa mguu wa kushoto ukawa haumsikii. Anacheka, anakula, lakini mguu unaning'inia kama soksi tupu. Nilidhani ameumia kwa Baba Mdogo Bisimwa, kwa jinsi watoto walivyoruka kwenye makochi, nikamkanda kwa samli kama mlivyotukanda sisi. Haikusaidia kitu.

Hospitali walipima damu na choo chake. Kumbe mwanangu alizaliwa na kinga pungufu. Si UKIMWI, na wenye midomo uwaambie hivyo. Ndiyo maana masikio yake hayakauki usaha.

Halafu wakaniambia ana polio. Imetokana na yale matone ya chanjo aliyopewa Bujumbura akiwa mchanga. Kirusi cha matone kimedhoofishwa, na kwa watoto wengine hutoka mwilini baada ya wiki kadhaa. Kwake kilibaki miaka yote hii, kikageuka, kikapata nguvu, na hadi leo kinatoka na choo chake. Usiyalaani matone, Shangazi. Sote tuliyanywa na tunatembea.

Sasa nifike kwenye linaloninyima usingizi. Unakumbuka siku ya kumpa mtoto jina kule Whitehall kwa Baba Mdogo, watoto walivyokula sinia moja kama kwetu milimani, wakanawa wote kwenye beseni moja, kisha kila mmoja akampendekezea mtoto jina? Muhoza alikuwa ametoka chooni. Alichovya kidole kwenye maziwa, akamlambisha mtoto, ndipo akasema, "Ingabire." Mlilipenda jina lake kuliko ya wenzake wote. Kigelegele changu ndicho kilichosikika hadi nje.

Mkalimani wa daktari, Mkongo mwenzetu, aliniambia kwenye simu: "Mama, hii haiko kosa yako. Lakini wote wenye alikula nao wanapashwa kujua." Naogopa, Shangazi. Naogopa watu watasema nimewaletea ugonjwa, na naogopa zaidi kunyamaza.

Siku ile Ingabire alikuwa hajachomwa sindano hata moja ya polio. Mpelekeni kwa daktari leo hii mkishasoma, msingoje miadi. Semeni yote, hata habari ya kidole. Mkibadilisha nepi, naweni kwa sabuni. Akipata homa, au mkono au mguu ukilegea, kimbieni hospitali.

Na ile safari yenu ya kuja kwetu, tafadhali iahirisheni. Muhoza anauliza kila jioni "mtoto wake" ataletwa lini.

Nisalimie Olivier, mkewe, na Mukandoli jirani yako aliyetuombea. Mungu aliyewavusha mto Ruzizi awafunike tena. Muhoza alimpa Ingabire jina. Naomba liwe ndilo pekee alilompa.

Binti wa kaka yako, akupendaye na kuogopa,

Mukashyaka